Pipa la Kushoto

Nakutegea wewe uliyekaa hapo, na usimtazame jirani yako kwanza. Ninaye mmoja: nikienda mbele ananifuata bila ubishi, nikirudi nyuma, nikikata kulia, yeye huyo kushoto. Ni nani? Usiseme mume, maana waume wengine hata mbele hawafuati. Usiseme mbuzi. Umeshindwa? Ningekudai mji, lakini wako baki nao, mimi ningeuweka wapi?

Jibu ni tela. Lile gari lisilo na injini, linalofungwa nyuma ya lori likavutwa. Kwenda mbele ni mtoto mtiifu, kurudi nyuma ni mkaidi wa kutupwa. Dereva akikata usukani kulia, mkia wa tela unakwenda kushoto. Akikata kushoto, mkia unakwenda kulia. Na kwa ajili ya mkaidi huyo, mwanamke aliyekuwa akiitwa Mama Chai na yadi nzima alifika kazini asubuhi moja, akarudi jioni akiitwa Mama Pipa.

Alikuwa mhudumu wa kantini katika yadi ya malori. Kila asubuhi alisukuma kigari chake chenye birika mbili kubwa, vikombe vya bati vikigongana, akipita kati ya magurudumu yaliyomfika kifuani. Madereva waliteremsha vioo. Yeye aliinua kikombe juu, mkono umenyooka, kisigino kimeachana na ardhi, na wao huko juu wakainama kupokea. Wakinywa, wakirudisha kikombe, kioo kinapanda, lori linakohoa, hao! Yeye anabaki na moshi usoni na kikombe kitupu mkononi. Aliyajua malori yote kwa vikohozi vyao hata kabla hayajaingia getini. Nusu ya maisha yake aliinua vikombe namna hiyo, mpaka siku moja, mkono ukiwa juu, akajiambia waziwazi: mimi nami nataka kuinama.

Basi akaenda shule ya udereva, jioni jioni, miguu ikimuuma kwa kusimama kutwa. Alisoma, akafeli, akasoma, akapata leseni ya magari makubwa. Akaichomeka ndani ya foronya ya mto wake na kuilalia, akingoja siku yake.

Siku ikaja. Bosi, mama mmoja mwembamba mwenye miwani, ambaye hakupata kupaza sauti maishani mwake na wala hakuhitaji, alisimama mlangoni pa kantini wakati wa chakula cha mchana.

"Lori jipya linakuja," alisema, "pamoja na tela lake. Dereva simtafuti nje, atatoka humu humu. Mwenye leseni arudishe tela hadi mlango wa kijani wa ghala, kati ya mapipa. Pipa lisiguswe. Mkia ugote mlangoni, wapakuzi wapitishe mizigo bila kuruka. Kusogea mbele kujinyoosha ni ruksa. Tutaangaliana Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Na jingine silinunui karibuni, kwa hiyo asije mtu kuniambia mwakani."

Mikono miwili ilipanda. Mmoja ulikuwa wa Mshale, utingo aliyekuwa amekaa kiti cha abiria miaka mingi mpaka kiti kikashika umbo lake, na aliyeitwa Mshale kwa sababu hakujua kutembea, alijua kuruka tu. Mkono wa pili ulikuwa na mwiko.

"Mama Chai!" Mshale alicheka. "Unataka kutuletea chai mpaka mpakani?"

"Na maandazi," alijibu. "Wewe utakuwa nyuma unahesabu vikombe."

Walicheka wote, hata Bosi alivua miwani akaifuta. Kazi ya kuwafundisha hao wawili ikapewa dereva mkongwe kuliko wote, mzee mmoja wa maneno machache waliyemwita Breki. Jina hilo alilipata kwa mguu wake wa kulia: kila mtu mwingine akishika usukani, mguu wa mzee huyo ulikanyaga sakafu tupu, gu, gu, gu, kana kwamba pale chini pana breki anayoijua yeye peke yake.

Mazoezi ya kwanza, yadi nzima ilitoka nje na sahani mikononi kuja kutazama. Mapipa yalikuwa matupu, mekundu kwa kutu, yamepangwa pande mbili kuelekea mlango wa kijani kama wapambe. Mama Chai alipanda lori la mazoezi, Breki kando yake, akavuta mkanda, akaweka gia ya kurudi nyuma. Tela lilianza vizuri. Akaliona pipa la kwanza la kushoto ndani ya kioo cha pembeni. Akaliona vizuri zaidi. Akaliona mpaka akaona tundu la kutu lililokuwa ubavuni mwake. Breki akakanyaga sakafu, gu, gu, na hapo hapo ukasikika mlio kama wa kengele ya shule. Pipa liliruka, likaviringika yadi nzima taratibu, bila haraka yoyote, likaenda kusimama miguuni pa Mpishi aliyekuwa mlangoni na sufuria.

"Limekuja kuchota wali," alisema Mpishi.

"Mama Pipa!" Mshale alipiga kelele, na watu wakaangua kicheko. Jina likashika siku ile ile.

Ndani ya lori, Breki alitazama mbele. "Ulikuwa unatazama nini?" aliuliza.

"Kioo, Mzee."

"Kioo hakitazamwi. Kioo ni cha kutazamia. Humo ndani ya kioo, ulikuwa unatazama nini?"

Mama Pipa akazima injini. Mzee akateremka, akaenda zake, na swali lake likabaki pale kwenye kiti cha abiria, limefunga mkanda.

Jioni, wakiosha masufuria, Mpishi alimpiga kikumbo cha mapenzi. "Usinune, shoga yangu. Tatizo lako liko kichwani. Nilisikia redioni: kila jambo linaanza kichwani. Ukiamka, simama mbele ya kioo, jisemee unachotaka, kwa sauti, bila haya. Mimi ndivyo nilivyoacha sukari."

"Umeacha sukari?"

"Naiacha."

Mama Pipa aliishi na shangazi yake, dada ya marehemu baba yake, ndiye aliyemlea. Vyumba viwili, ua mdogo, na nyuzi za sufu kila mahali, kwani Shangazi alikuwa mfumaji wa masweta na hata kwenye birika ungeweza kukuta uzi. Kesho yake alfajiri, Shangazi akiwa bado kitandani, alisikia sauti chumba cha pili.

"Sitagonga pipa. Sitagonga pipa. Pipa la kushoto, sitaligonga."

Mama Pipa alitoka kifua mbele. Alikuwa na imani, tena imani ya kujaa lori. Alipopanda siku hiyo alikuwa akinong'ona mpaka midomo ikamkauka: sitagonga pipa, sitagonga pipa. Akaligonga. Lile lile, la kushoto. Siku iliyofuata alisema kwa sauti kubwa zaidi mbele ya kioo, akaongeza na kidole cha onyo, akaligonga kwa nguvu zaidi. Mshale alikwenda akaliinua lile pipa, akalipangusa vumbi kwa kitambaa na kuliuliza, "Pole, mama, umeumia?"

Ilikuwa siku ya nne au ya tano, mbele ya kioo, kidole kikiwa hewani, Shangazi aliposukuma mlango na sindano zake za kufumia kwapani.

"Mwanangu," alisema, "siku hizi una biashara ya mapipa?"

"Shangazi, najitia moyo."

"Sawa, moyo utiwe. Lakini tangu uanze dua yako hiyo nasikia pipa, pipa, pipa. Mlango sijausikia hata mara moja. Huyo pipa ni nani, mbona unaamka naye?"

"Nasema sitaligonga."

"Ndilo hilo. Hiyo 'si' ni ndogo, ukimeza mate tu imepotea, kinachobaki mdomoni ni pipa." Shangazi aliketi kitandani. "Mimi nikifuma nikijiambia 'usidondoshe kitanzi, usidondoshe kitanzi', basi ujue sweta hilo litakuwa na tundu. Najiambia: chukua hiki, chukua na hiki. Haya, niambie, unataka nini?"

"Nataka nisigonge..."

"Sikukuuliza usichotaka."

Ajabu ya mambo, hilo ndilo jambo ambalo Mama Pipa hakuwa amelitamka tangu siku ya kwanza. Lilimjia polepole, na lilipofika lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani. "Nataka kuingia mlango wa kijani."

"Ehee! Huyo ndiye mwanangu. Mwambie kioo hivyo. Ila usidhani kioo kitakuja kukuendeshea. Mdomo ukisema mlango, macho yakisema pipa, mikono imsikilize nani? Na hiyo mikono yenyewe, inajua kazi?"

"Haijui, Shangazi. Kila mara inasahau kwamba kulia ni kushoto."

"Basi isomeshe. Maneno umeshayapata."

Jioni hiyo meza ya chakula ikawa yadi. Makopo mawili ya samaki yaliunganishwa kwa waya, moja likawa lori, la pili tela. Vibonge vya uzi wa Shangazi vikawa mapipa. Kiberiti kilichosimamishwa ubavuni mwa birika kikawa mlango wa kijani, na kwa kuwa kilikuwa chekundu, Shangazi alikivisha kipande cha sufu ya kijani ili pasiwe na ubishi. Mama Pipa alisukuma kopo la mbele kwa vidole. Kata kulia, mkia uende kushoto. Ukianza kwenda, usiuache ukimbie: ufuate, nyoosha. Mwanzoni makopo yalijikunja kama kisu cha mfukoni. Aliyanyoosha, akaanza upya. Shangazi alifuma upande wa pili wa meza akiimba kwa pua, na kila kibonge kilipoanguka alisema bila kuinua macho, "Mlango uko huku, mwanangu."

Kabla sweta lile halijapata mikono, vidole vilikuwa vimejua. Aliweza kurudisha makopo huku akizungumza mambo mengine kabisa, bei ya mkaa, ndoto ya jana, mwanamke wa jirani aliyenunua kofia ya ajabu.

Kutoka makopo akapanda daraja. Kantini ilikuwa na vigari viwili vya chai. Alivifunga kimoja nyuma ya kingine kwa waya, akavipanga mbele ya mlango wa jiko, akaanza kurudisha kinyumenyume, yeye ndiye lori. Madereva walitoka kushangaa. Kigari cha nyuma kilipinda, kikabinua bakuli, na sukari ikamwagika kizingitini.

"Sukari yangu!" Mpishi alipiga yowe.

"Si umeacha?"

"Nimesema naiacha, sikusema uniachishe!"

Lakini ni pale kwenye kizingiti cha jiko, na sukari ikilia chini ya viatu, ndipo alipogundua jambo ambalo makopo hayakumfundisha. Mkia ukishapinda sana, hakuna usukani duniani utakaouponya kwa kuendelea kusukuma. Ukilazimisha unazidi. Dawa yake ni kusimama, kusogea mbele kidogo, kila kitu kinyooke chenyewe, kisha urudi tena. Bosi alikuwa ameshasema ni ruksa. Lakini yadini kusogea mbele lilikuwa jambo la aibu. Madereva walikuwa tayari kukwaruza ubavu mzima wa tela kuliko kuonekana wanarudi walikotoka.

"Dereva wa kweli anaingia mara moja," Mshale alimwambia.

"Hata nyumbani kwako huingia mara moja?" alijibu. "Mkeo alisema wewe hurudi getini kutafuta ufunguo kila siku."

Kila alasiri, masufuria yakishang'aa, alipanda lori pamoja na Breki. Alfajiri alisimama mbele ya kioo na kusema, "Naingia mlango wa kijani," mara moja tu, kama mtu anayeaga kwenda kazini. Alasiri aliifanyia kazi kauli yake. Kuna siku aligusa pipa, si kwa kishindo tena, bali kama mtu anayemgusa mwenzake begani. Kuna siku hakugusa kitu lakini akaishia pembeni. Hakulia wala hakununa. Alisogea mbele, akarudi tena. Mzee alikuwa akikanyaga sakafu yake kama kawaida, na kila walipozima injini aliuliza lile lile.

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Nikijua nitakuambia, Mzee."

Jumamosi ikafika. Bosi alikuja na kiti chake. Wapakuzi walipanga mstari ndani ya ghala, nyuma ya mlango wa kijani uliofungwa, mifuko mabegani, wakingoja kupima kwa miguu yao wenyewe. Mpishi aliacha jiko. Shangazi alikuja pia, akapewa ndoo ya kukalia, akatoa sindano zake na kuanza kufuma kama aliyekuja kungoja daktari.

Mshale alitangulia. Na tumpe haki yake: alipendeza kumtazama. Mkono mmoja tu kwenye usukani, kichwa nje ya dirisha, macho yakiruka pipa hadi pipa, hili, lile, hili, lile. Aliteleza katikati yao kama samaki na hakuna hata moja lililotikisika. Watu wakapiga makofi. Akazima injini kwa madaha, akaruka chini.

Bosi alitembea polepole hadi nyuma ya tela. Akaugonga mlango, wapakuzi wakaufungua. Mkia wa tela ulikuwa umeegemea ukutani. Nusu yake ilitazamana na mlango, nusu nyingine ilitazamana na matofali. Mpakuzi wa mbele alinyoosha mguu, akaurudisha.

"Mapipa yote yamesimama," Bosi alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Lakini mfuko utapita wapi, Mshale? Kwenye tofali?"

Mshale alikuna kichwa. "Nilikuwa nawakwepa hawa, Bosi."

"Umewakwepa vizuri kabisa."

Mama Pipa alifuta viganja kwenye gauni, akapanda. Breki alikuwa ameshakaa. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba. Twende." Alitazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, akasema kwa sauti, bila haya kama alivyoagizwa na Mpishi, "Naingia mlango wa kijani." Akaweka gia.

Tela lilianza kurudi. Katika kioo, mlango ulikuwa mdogo kama kiberiti. Aliutafuta, akaushika: rangi ya kijani iliyobabuka, bawaba tatu, na katikati kufuli nene la shaba lililoning'inia bila kufungwa, liking'aa juani. Alilishika lile kufuli kwa macho kama mtu anavyoshika mkono wa mtoto sokoni. Kando ya kioo kitu chekundu kilijitokeza, kinene, kimesimama kikingoja salamu kama jirani aliyezoea kuamkiwa kila siku. Hakukiamkia. Kata kulia kidogo. Fuata. Nyoosha.

Nusu ya njia gurudumu la nyuma lilikanyaga jiwe, mkia ukaponyoka, ukaanza kupinda.

"Kushoto! Pipa la kushoto!" Mshale alipiga kelele, na tumpe haki yake tena, hakuwa akimcheka, alikuwa amesahau kama wanashindana.

Mama Pipa alisimamisha lori.

Sindano za Shangazi zikaendelea, tiki, tiki, tiki. Kisha lori likakohoa, likasogea mbele.

"Ameogopa," mtu mmoja alisema.

"Nyamaza wewe," alisema Mpishi, "anajinyoosha."

Lilisogea mpaka tela likawa limenyooka nyuma yake kama uzi. Likasimama. Likaanza kurudi, bila pupa, na sasa mikono ilikuwa ikifanya yale ya mezani, vidole vikijua kabla hajaviambia, kata, fuata, nyoosha, na kufuli likakua ndani ya kioo, likawa kama sarafu, likawa kama kikombe, likawa kama birika, mpaka tela lenyewe likalifunika. Gu. Huo haukuwa mguu wa mzee. Ulikuwa mpira wa mkia wa tela ukigusa kizingiti.

Bosi aligonga. Mlango ukafunguka. Mpakuzi wa mbele, mfuko begani, aliingia ndani ya tela akitembea tu, kama mtu anayetoka chumbani kwenda sebuleni. Wa pili akamfuata. Wa tatu alikuwa akipiga mluzi.

Kelele zilizofuata siwezi kuziandika. Mpishi alipiga sufuria mpaka likaingia kibonyeo. Bosi alikuja dirishani, akainua uso, miwani ikimetameta. "Lori linafika Jumanne," alisema. "Njoo na sweta. Barabarani alfajiri kuna baridi."

"Analo!" Shangazi aliitikia kutoka kwenye ndoo yake, akiinua lile la mkononi. "Limebaki shingo tu!"

Na Mshale? Mshale aliondoka. Watu wakadhani amesusa. Aliporudi alikuwa akisukuma kigari cha chai, vikombe vikigongana, akimwaga nusu njiani kwa sababu hakujua kutembea. Akajaza kikombe, akasimama chini ya dirisha, akanyoosha mkono juu mpaka visigino vikaachana na ardhi.

"Chai, Mama Pipa. Haina sukari, Mpishi ameificha."

Mama Pipa aliteremsha kioo mpaka mwisho. Akainama, akapokea kwa mikono miwili, akanywa funda moja refu.

Pembeni yake Breki alikuwa akitazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa umetulia juu ya sakafu, tangu mwanzo hadi mwisho haukukanyaga kitu, na yeye mwenyewe hakuwa ametambua. Aliutikisa kidogo, kuhakikisha kama bado ni wake. Kisha akauliza, kama alivyouliza kila siku.

"Ulikuwa unatazama nini?"

"Mlango, Mzee," alisema, akapuliza mvuke wa chai. "Kwani leo mapipa mliyaweka?"